Konokono Aliyezikwa Akiwa Hai

Bila shaka unamkumbuka Mzee. Mwishoni mwa Desemba 2004, siku zile mawimbi ya tsunami yalipofika pwani yetu, mtoto wa kiboko aliyepotezana na wenzake aliokolewa karibu na Malindi, akapelekwa Haller Park kule Bamburi, Mombasa. Huko akajishikiza kwa kobe mkongwe aliyeitwa Mzee. Kiboko mwenyewe alipewa jina la Owen. Picha zao zilizunguka dunia nzima, vitabu vya watoto vikaandikwa, na si ajabu kwamba wewe pia, msomaji, ulibembelezwa na wanao hadi ukakubali kufunga safari ya Mombasa ili wakajionee urafiki huo kwa macho yao.

Lakini je, uliwahi kujiuliza kobe kama Mzee asili yake ni wapi? Si Bamburi, wala si Tsavo. Kobe wale wakubwa, ambao dume lake laweza kufikisha uzani wa kilo 250, kwao ni Aldabra, kisiwa cha nchi ya Shelisheli kilichojitenga kabisa katika Bahari Hindi. Ni huko ninakotaka twende leo, mimi nawe, bila ya kulipa nauli. Tutafuatana na vijana wa chuo kikuu, maana hao ndio wanaokwenda huko mara kwa mara, na kazi yao, nakuambia mapema, ni kuhesabu.

Ukichukua ramani, Aldabra iko takriban kilomita 640 kutoka bara la Afrika, na yapata kilomita 420 kaskazini-magharibi ya Madagaska. Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli chenye mji na uwanja wa ndege, kiko umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo tuko karibu na Aldabra kuliko wenyewe wengi wa Shelisheli wanaoishi Mahé! Inasemekana hata jina hilo lilitokana na Kiarabu, lugha ya mabaharia waliopita katika maji hayo zamani.

Tena si kisiwa kimoja. Ni visiwa vinne vikubwa, navyo ni Grande Terre, Malabar, Picard na Polymnie, vilivyojipanga kama pete iliyokatika hapa na pale. Urefu wake wote ni kilomita 34. Katikati ya pete hiyo kuna ziwa kubwa la maji ya chumvi, na kati ya kisiwa na kisiwa kuna milango ambamo bahari huingia na kutoka kila maji yanapojaa na kupwa. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka kama mita 3 hivi, na maji hayo hupita milangoni kwa kasi ya mto uliofurika. Mchana unaweza kuliona ziwa limejaa tele, kisha baada ya saa chache sehemu kubwa ikawa tope, mikoko na mawe matupu.

Huenda unajiuliza ni kwa nini hakuna mtu aliyejenga hoteli pale. Sababu ya kwanza ni maji matamu, ambayo ni haba. Sababu ya pili ni mawe. Sehemu kubwa ya nchi kavu ni matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya bahari, yakaliwa na mvua na chumvi hadi yakawa makali kama nyembe. Wenyeji wa Shelisheli huyaita champignon, yaani uyoga kwa Kifaransa, jina la upole mno kwa kitu kinachoweza kuumaliza mguu wa kiatu kipya kwa muda mfupi.

Sababu ya tatu ni bahati. Mabaharia wa zamani walikuwa wakiwabeba kobe wakiwa hai melini, wawe nyama ya safarini, na katika visiwa vingine vya Bahari Hindi kobe wakubwa walimalizwa kabisa. Mnamo 1874 wanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin akiwa mmoja wao, walimwandikia Gavana wa Mauritius wakimsihi awalinde wale waliosalia Aldabra. Kisha katika miaka ya sitini serikali ya Uingereza ilipanga kujenga uwanja wa ndege za kivita papo hapo. Wanasayansi wakapiga kelele, wabunge wakauliza maswali, na mwaka 1967, hali ya fedha ya Uingereza ilipozorota, mpango huo ukatupiliwa mbali. Kobe waliponea. Lakini tusisahau kwamba kambi ya kijeshi ilijengwa hatimaye Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos, na huko waliofukuzwa ni binadamu, familia nzima nzima, kati ya 1968 na 1973. Kobe walipata mawakili wengi zaidi kuliko watu wale.

Baada ya sakata hiyo, Royal Society ya Uingereza ilijenga kituo cha utafiti katika kisiwa cha Picard mwaka 1971. Shirika la Seychelles Islands Foundation liliundwa mwaka 1979, nalo ndilo linalokisimamia hadi leo. Mwaka 1982 UNESCO ikaitangaza Aldabra kuwa mojawapo ya turathi za dunia. Hakuna mji wala kijiji. Wanaoishi pale ni wafanyakazi wachache wa kituo, walinzi na watafiti, ambao hukaa kwa zamu kisha wakaondoka.

Haya basi, jichukulie kuwa wewe ni mwanafunzi. Umemaliza shahada ya kwanza, unatafuta ya uzamili, na mwalimu wako amekukubalia kwenda Aldabra. Huko kwenyewe hakuna uwanja wa ndege. Utakwenda kwa meli kutoka Mahé, safari ya siku kadhaa za kutapika, au utabahatika kupata ndege ndogo hadi kisiwa cha Assumption, kisha uvuke kwa mashua kilomita 27 hivi zilizobaki. Ukishafika umefika. Ukiumwa na jino usiku huo, daktari hayuko ng'ambo ya barabara.

Na hapo kituoni si mwisho wa safari. Ili kuwafikia kobe wengi itakubidi uende Grande Terre, ambako kuna vibanda vya kulala watafiti. Mashua haiendi unapotaka wewe, huenda maji yanapotaka. Yakiwa yamepwa utangoja, hata ikiwa ni saa tisa usiku ndipo yatakapojaa. Maji ya kunywa unabeba kwa mitungi, pamoja na mchele, dengu na betri. Usiku kaa wakubwa wavunjao nazi hukitambalia kibanda wakitafuta cha kuiba, na kwao hata sufuria ni mali.

Asubuhi kazi inaanza. Unapita katika njia ile ile waliyopita wenzako mwezi uliopita, na mwaka uliopita, na miaka mingi kabla yako. Unahesabu kila kobe unayemwona upande huu na upande ule. Unampima urefu wa gamba. Unaangalia kama ni dume au jike. Unaandika kwa penseli, kwa kuwa wino huharibika kwa jasho na mvua. Kwa jumla kobe wa Aldabra hukadiriwa kuwa wapatao 100,000, idadi kubwa kuliko ya kobe wakubwa popote pengine duniani.

Najua kuna mzazi anayesoma haya huku akitikisa kichwa. Ati mtoto niliyemlipia karo tangu nasari aende kisiwani kuhesabu kobe? Si afadhali angesomea uhasibu, akahesabu pesa? Ni swali la haki, na jibu lake sitalitafuta kwa kobe. Nitalitafuta kwa konokono.

Katika vichaka vya Aldabra alikuwepo konokono mdogo asiyepatikana mahali pengine popote ulimwenguni, gamba lake likiwa na mistari ya zambarau na waridi. Kwa Kilatini anaitwa Rhachistia aldabrae. Zamani alikuwa wa kawaida. Baadaye akaanza kuadimika, na mwaka 1997 akaonekana mmoja tu akiwa hai. Kisha kimya. Watu waliokwenda kumtafuta katika miaka iliyofuata walirudi mikono mitupu.

Mwaka 2007 mtafiti mmoja mwenye tajriba ndefu ya konokono wa Shelisheli alichapisha makala katika jarida la kisayansi la Uingereza. Alieleza kwamba konokono huyu ametoweka duniani, na kwamba muuaji ni mabadiliko ya hali ya anga. Mvua zilikuwa zimepungua na vipindi vya ukame vimerefuka, akasema, na konokono wachanga ndio waliokufa kwanza kwa kukosa unyevu. Habari hizo zilienea upesi. Konokono huyu akawa akitajwa miongoni mwa viumbe wa kwanza kuuawa na joto la dunia.

Si wote walioafiki. Clive Hambler wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzake wanaoijua Aldabra waliandika kupinga. Hoja yao ilikuwa rahisi hata kwangu mimi nisiye mwanasayansi: sehemu kubwa ya vichaka vya kisiwa haikuwa imetafutwa sawasawa. Jarida halikuyachapisha maandishi yao.

Mnamo Agosti 2014 kikundi cha wafanyakazi wa Seychelles Islands Foundation kilikuwa katika kisiwa cha Malabar, mahali penye vichaka vilivyosongamana ambapo ni nadra mtu kupenya. Wakaona kitu chenye mistari ya zambarau na waridi juu ya majani. Walipotazama vizuri wakahesabu konokono 7, wazima, wakiendelea na shughuli zao kana kwamba hakuna aliyewahi kuwaandikia tanzia.

Kisa hicho kilipotangazwa, wapo waliofurahi kwa sababu isiyo njema. "Mnaona?" wakasema. "Hayo mambo ya joto la dunia ni uzushi mtupu!" La hasha. Konokono 7 katika kichaka kimoja si ushahidi kwamba mvua haikupungua. Kiumbe aliyekuwa akionekana kwa urahisi, kisha akabaki kujificha mahali pasipofikika, hana raha. Kilichokosewa ni kutoka katika neno "hatukumwona" hadi neno "hayupo" bila ya kupita kichakani. Na kichakani hupiti kwa kalamu, unapita kwa miguu, juu ya mawe yale niliyokueleza.

Mtafiti yule, kwa maoni yangu, hakuwa mwongo. Alitafuta, hakupata, akahitimisha. Wangapi wetu hatuhitimishi kwa ushahidi mdogo kuliko huo? Lakini angalia jinsi kosa dogo la kuhesabu lilivyowapa silaha watu wasiotaka kusikia. Ndiyo maana yule kijana wako na penseli yake ana kazi nzito kuliko unavyodhani.

Turudi sasa kwa kobe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia rekodi za mvua za miaka mingi za kisiwa hicho, ulionyesha kwamba ukame umezidi Aldabra kuliko ilivyokuwa zamani. Kisiwa hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kisicho mbali sana na cha Nairobi. Nyingi ya hizo hunyesha wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kusi inapovuma, nchi hukauka. Tofauti na Nairobi ni kwamba pale hakuna udongo mwekundu wa kuhifadhi maji. Yanapita katika matundu ya mawe na kupotea.

Kobe mkubwa ni mnyama mwenye ngao mgongoni, lakini ngao hiyo hiyo ndiyo sufuria yake. Hutoka alfajiri kula nyasi, na jua linapokaza ni lazima afike kivulini. Akichelewa, au akikosa mti, anaiva akiwa hai. Watafiti wa Aldabra walishuhudia tangu zamani kobe waliokufa kwa joto ilhali kivuli kilikuwa hatua chache mbele yao. Kwa hiyo suala la kobe ni suala la miti. Mbuzi walioletwa na binadamu walikuwa wakishindana na kobe kwa majani na kuharibu miti hiyo, na ilichukua miaka mingi ya kuwawinda hadi wa mwisho walipoondolewa mwaka 2012. Walioachwa sasa kuitishia miti ni ukame, na ukame hauwindwi kwa bunduki.

Kwa kasa, wale jamaa wa kobe wanaoishi baharini, kuna habari njema na mbaya kwa pamoja. Njema ni kwamba kasa wa kijani, waliokuwa wakichinjwa kwa maelfu kwa ajili ya supu ya matajiri wa Ulaya, walianza kulindwa Aldabra mwaka 1968, na tangu hapo majike wanaopanda ufuoni kutaga wameongezeka mara kadhaa. Tunajuaje? Kwa sababu kuna watu walioamka alfajiri, mwaka nenda mwaka rudi, wakatembea ufuoni kabla ya maji kujaa na kufuta nyayo, wakahesabu njia alizozikwaruza kasa mchangani. Ni kazi ambayo hata wewe ungeiweza. Njia ya kwenda na njia ya kurudi ni kasa mmoja.

Mbaya ni hii. Yai la kasa halina ume wala uke linapotagwa. Joto la mchanga ndilo huamua. Likiwa karibu nyuzi 29 hivi za Selsiasi, hutoka mchanganyiko wa dume na jike. Likizidi, wanakuwa majike watupu. Kaskazini mwa pwani ya mashariki ya Australia, watafiti waliripoti mwaka 2018 kwamba zaidi ya asilimia 99 ya kasa wachanga wa kijani waliowapima walikuwa majike. Fikiria shule ya wasichana 990 na wavulana wasiozidi 10, kisha ujiulize watakuwaje miaka 30 ijayo. Vijana wanaochimba vipima joto katika fuo za Aldabra wanataka kujua kama mambo yanaelekea huko huko.

Sisi tulionywa na bahari mapema. Mwaka 1998, joto lilipopanda katika Bahari Hindi, matumbawe ya pwani ya Kenya yaligeuka meupe na mengi yakafa. Wavuvi wa miaka ile hawajasahau. Tumbawe ni mnyama mdogo anayefuga ndani yake mimea midogo midogo inayomlisha na kumpa rangi. Maji yakipata moto kupita kiasi, anaitapika mimea hiyo. Anabaki mweupe, mwenye njaa, na kama joto halipungui haraka anakufa.

Joto kama hilo lilirudi mwaka 2016. Safari hii Aldabra ilikuwa tayari, si kwa kulizuia bali kwa kulipima. Mwaka 2013 watafiti wake walikuwa wamechagua sehemu maalumu chini ya bahari, wakaziwekea alama, na kila mwaka walizamia kuzipiga picha sehemu hizo hizo. Joto lilipopita, hapakuwa na mjadala wa "nadhani" na "inasemekana". Katika maji mafupi ya upande wa nje, matumbawe magumu yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu. Ndani ya ziwa hasara ilikuwa ndogo zaidi, na kufikia 2019 matumbawe ya ndani yalikuwa yamekaribia kurudi katika hali yao ya kwanza. Mwanafunzi wa shahada ya uzamifu ndiye aliyeishughulikia hesabu hiyo.

Kwa nini ya ndani yalistahimili? Kumbuka yale maji yanayoingia na kutoka. Matumbawe ya ziwani huchemshwa na kupozwa kila siku tangu yazaliwe. Yamezoea maisha ya taabu, kama mtoto aliyelelewa mtaani asivyoshtushwa na kelele za matatu. Ugunduzi huu si wa kuwafaa Shelisheli peke yao. Anayetafuta ni matumbawe gani ya Kiunga au Kisite yanaweza kuhimili joto lijalo, sasa ana mahali pa kuanzia.

Na bahari yenyewe ikipanda? Sehemu kubwa ya Aldabra haizidi mita 8 juu ya maji. Jambo hili limewahi kutokea. Mifupa ya kale iliyochimbuliwa kisiwani inaonyesha kwamba yapata miaka 136,000 iliyopita Aldabra ilizama yote. Wakati huo alikuwepo ndege mwenye ukubwa wa kuku hivi, asiyeweza kuruka kwa kuwa hakuwa na adui wa kumkimbia. Alikufa maji pamoja na kila kiumbe cha nchi kavu. Maelfu ya miaka baadaye bahari ilipungua, kisiwa kikachomoza tena, na ndege wa ukoo ule ule wakaruka kutoka Madagaska wakatua. Nao pia, kizazi baada ya kizazi, wakasahau kuruka! Wajukuu wao wangali wapo hadi leo, wenye koo jeupe na udadisi mwingi, wakimfuata mtafiti miguuni kumwona anachofukua. Hakuna ndege mwingine asiyeruka aliyesalia katika visiwa vyote vya Bahari Hindi. Wanasayansi walioeleza kisa hiki mwaka 2019 walistaajabu jinsi maumbile yalivyorudia somo lile lile mara mbili. Mimi nilichostaajabia ni urefu wa muda uliohitajika.

Kabla hatujaondoka, kuna jambo moja la aibu. Mwanzoni mwa 2019 vijana 12, baadhi yao Washelisheli na wengine wanafunzi wa Chuo cha Queen's kule Oxford, walikwenda Aldabra si kuhesabu wanyama bali kuokota takataka. Pwani ya kusini ya Grande Terre, inayopigwa na kusi, ilikuwa imejaa nyavu, maboya, kamba na plastiki. Kwa muda wa majuma 5 walibeba magunia juu ya champignon na kwenye jua kali. Waliondoa tani 25. Kisha, kwa kuwa walikuwa wasomi, wakakadiria kilichobaki: zaidi ya tani 500. Kwa uzani, sehemu kubwa ilikuwa vyombo vya uvuvi. Lakini kulikuwa pia na patipati, au malapa, kutegemea unakotoka, zipatazo 360,000. Ndiyo, 360,000, kwenye kisiwa kisicho na wakazi.

Nilipozisoma hesabu hizo mara ya kwanza nilidhani zile patipati ni zetu, za kutoka Kenya na Tanzania. Nilihukumu kabla ya kuhesabu, kosa lile lile la konokono. Mwanafunzi mwingine wa Oxford alitumia kompyuta kufuatilia mikondo ya bahari, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalionyesha kwamba plastiki nyingi ya nchi kavu inayofika huko hutoka mbali mashariki, hasa Indonesia, pia India na Sri Lanka. Zetu huchukuliwa na mikondo mingine zikatupwa kwingine. Mwanzoni mwa 2019 hiyo hiyo, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likavishwa vipande vya patipati 30,000, liling'oa nanga likaelekea Unguja. Hao nao walijua zao ziko wapi.

Basi mwezi wa Desemba, shule zikifungwa na ukiwapeleka watoto Mombasa, piteni Haller Park mkawaone kobe wa Aldabra. Lakini usiende jioni kama wengi wafanyavyo. Nenda saa sita za mchana, jua likiwa la utosi. Mpe mwanao daftari na penseli. Mwambie aandike saa, aandike kama kuna jua au mawingu, ahesabu ni kobe wangapi walio kivulini na wangapi walio nje. Mrudi saa kumi, ahesabu tena. Akiwa amechoka na kulilia soda, mnunulie, lakini kwanza amalize kuandika.